Anayetajwa na Asiyetajwa: Akili Unde na Ukomo wa Hedhi Kisiwani Mfangano

Ukomo wa hedhi ni hali ya kawaida ya mwili ambayo huthibitika mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na kwa walio wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55, ingawa dalili zake huanza miaka kadhaa kabla, wakati ovari zinapopunguza utoaji wa estrojeni, yaani homoni inayoratibu hedhi na kusaidia kulinda mifupa. Katika kipindi hicho cha mpito huja joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu, ukavu ukeni na hasira zisizo na sababu. Maswali ambayo wanawake wengi waliona haya kuyauliza hadharani sasa huulizwa kwenye simu, kupitia programu za akili unde zinazojibu kwa sentensi kamili, ambazo zimeenea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022. Programu hizo haziulizwi juu ya dalili peke yake. Huulizwa pia mtu aende kutibiwa wapi, na katika kujibu hutaja baadhi ya watoa huduma na kuwaacha wengine.

Utajaji huo hauna siri kubwa. Programu ya aina hii hujifunza kutokana na maandishi mengi mno yaliyokusanywa mtandaoni, hivyo jina la hospitali ambalo limeandikwa mara nyingi kando ya maneno ya ukomo wa hedhi hurudi kwa urahisi pale swali linapoulizwa. Baadhi ya programu hizo hutafuta pia mtandaoni papo hapo, zikasoma kurasa chache zinazotangulia katika matokeo na kuzifupisha. Kwa njia zote mbili anayenufaika ni yule mwenye tovuti inayotaja madaktari wake, saa zake na huduma zake, aliyeandikwa na magazeti, aliyesifiwa na wagonjwa kwenye ramani za mtandaoni. Chama cha Marekani kinachoshughulikia ukomo wa hedhi kina orodha ya wazi ya wataalamu waliofuzu mtihani wake, na hospitali kubwa za binafsi za Nairobi zina kurasa za wataalamu wao wa magonjwa ya wanawake. Zahanati ya serikali iliyo kando ya Ziwa Viktoria mara nyingi haina hata ukurasa mmoja ulio wake.

Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria chenye wakazi zaidi ya 20,000 katika Kaunti ya Homa Bay, kinalionyesha jambo hili kwa namna ya pekee, kwa sababu si mahali ambapo hapajaandikwa. Kimeandikwa sana, ila kwa mambo mengine. Watafiti wamechunguza huko uvuvi, lishe, malaria na virusi vya ukimwi, na si ajabu, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi katika kaunti hiyo yakikaribia mtu mzima mmoja kati ya kila watano. Kusini zaidi, katika Kaunti ya Migori, shirika la Lwala Community Alliance, ambalo hospitali yake ilifunguliwa mwaka 2007, limechapisha mengi kwa Kiingereza juu ya kazi yake, hasa afya ya akina mama wajawazito na watoto wachanga. Mashine iliyosoma maandishi hayo huijua kanda ya ziwa kupitia mimba, virusi na samaki. Hata tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, ambazo Kenya ilifanya ya hivi karibuni mwaka 2022, huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, na tafiti za aina hiyo zinapohesabu waliokoma hedhi, lengo huwa ni kujua ni nani ambaye hawezi tena kushika mimba. Mwanamke wa miaka 52 hutoka kwenye takwimu hizo palepale dalili zake zinapoweza kuwa kali.

Hata hivyo, watoa huduma wapo. Katika kituo cha afya cha Sena, penye makao ya utawala wa kisiwa, na katika zahanati zinazokizunguka, wanaokutana na mwanamke huyo ni muuguzi na tabibu, yaani afisa wa kliniki aliyesomea stashahada au shahada ya utabibu, wala si daktari bingwa. Kwa wanawake wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, ambao kutokana na dawa hizo sasa wanafikia umri wa kukoma hedhi kwa wingi kuliko zamani, anayewafahamu zaidi ni mhudumu wa kliniki wanakochukulia dawa. Hapo huulizwa maswali manne ya kuchunguza kifua kikuu: kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku. Mwenye joto la ukomo wa hedhi hujibu "ndiyo" kwa swali la jasho, naye mhudumu hulazimika kupambanua kati ya kifua kikuu, malaria na mabadiliko ya homoni, kwa kuangalia umri, tarehe ya hedhi ya mwisho, kipimo cha damu ya kidoleni na, inapobidi, makohozi. Huo ndio utunzaji wa ukomo wa hedhi katika ukanda huu, ingawa haumo katika tangazo lolote.

Majibu ya mashine kwa kawaida humalizia kwa kumshauri muulizaji amwone daktari wake, kana kwamba kila mtu anaye daktari wake. Ushauri huo una uzito mkubwa pale damu inapotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, kwa maana dalili hiyo inaweza kuashiria saratani na hudai uchunguzi wa haraka. Lakini jina linalofuata ushauri huo laweza kuwa la hospitali ya mbali, la kliniki iliyokwisha kufungwa, au hata la kliniki isiyokuwapo, kwani programu hizi hutunga majina pale kumbukumbu inapopwaya. Programu yenye maarifa ya zamani yaweza pia kumwambia mgonjwa atumie kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, ilhali mamlaka mpya ya bima hiyo, SHA, ilichukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024. Nao umbali uliopimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani haujui kwamba kati ya Sena na mji wa Mbita, ulio bara, kuna maji, boti na nauli.

Madaftari rasmi yangeweza kusaidia, lakini yametawanyika: madaktari wako katika baraza lao, wauguzi katika lao, matabibu katika lao, na daftari linalofunguka kwa kujaza fomu ya utafutaji mara nyingi halifikiwi na mitambo inayosoma kurasa. Kisiwani kwenyewe maarifa husafiri kwa sauti. Kituo cha jamii cha Ekialo Kiona kilianzisha redio inayotumia Olusuba, lugha ya Waabasuba, lakini alichokisema muuguzi hewani, kisipoandikwa popote, hakiwezi kusomwa na mashine yoyote. Wakati huohuo, kuonekana kumekuwa bidhaa. Kampuni za matangazo huziuliza programu maswali yaleyale mara nyingi, zikahesabu ni mara ngapi mteja wao ametajwa, kisha zikamshauri namna ya kuandika kurasa zake. Hesabu hiyo hupima wingi wa maandishi. Ubora wa tiba hauguswi nayo kamwe.

Kuna mfano wa Kenya unaoelekea upande mwingine. Mwaka 2025 zilitolewa taarifa za jaribio katika kliniki 15 za Penda Health, Nairobi na viunga vyake, lililohusisha takriban ziara 40,000 za wagonjwa, ambapo akili unde ilimkumbusha tabibu alichosahau wakati akimhudumia mgonjwa, na makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu kwa asilimia 13. Hapo mashine haikuhitaji kujua nani yuko karibu, kwa kuwa aliye karibu ndiye aliyekuwa akiitumia. Mpango wa namna hiyo ungemfaa mhudumu wa Sena kuliko orodha yoyote ya mabingwa wa Nairobi.

Kwa upande wa kutajwa, kazi iliyo mbele ya idara ya afya ya kaunti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: ukurasa mmoja wa wazi kwa kila kituo, kwa Kiswahili na Kidholuo, unaosema kwa maneno ya kawaida kwamba mwanamke mwenye joto la ghafla au damu isiyotarajiwa anapokelewa hapo, siku zipi, na akipewa rufaa ataelekezwa wapi ng'ambo ya maji. Majina ya wahudumu yangeachwa nje, kwa sababu wauguzi wa serikali huhamishwa, na mwanamke aliyelipa nauli ya boti akimfuata muuguzi aliyekwisha kupelekwa Ndhiwa hatarudi kwa urahisi mara ya pili.