Kwa Nini Bulls Walimtema Luol Deng? Hii Hapa Hesabu Yote

Tangu Luka Dončić atolewe Dallas akapelekwa Lakers Februari 2025, kwa kinyozi hapa Silibwet hakukaliki. Huyu anadai Dallas waliibiwa mchana, yule anasema Anthony Davis si mtu wa kudharau. Kabla hujaendelea kupigia watu kelele, wacha nikupe stori ya mtu wetu wa upande huu: Luol Deng.

Deng alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo. Familia yao ilitorokea Misri, baadaye London. Alianza NBA na Chicago Bulls 2004, na akaitwa All-Star 2012 na 2013. Halafu Januari 2014, paap, akapelekwa Cleveland. Bulls walipewa Andrew Bynum pamoja na nafasi kadhaa za kuchagua chipukizi miaka ya mbele. Na huyo Bynum hata jezi hakuvaa. Walimwachilia hapo hapo.

Unauliza, kwani walikuwa wamelewa? Zii. Cheki vile hii kitu hufanya kazi.

Kwa soka, timu inanunua mchezaji na pesa. NBA wanabadilishana mikataba, na timu ikishapita kiwango cha mishahara, pesa inayoingia na inayotoka lazima zikaribiane. Ukizidi kiwango kingine cha juu zaidi, unatozwa kodi nzito. Sasa mkataba wa Bynum ulikuwa wa dola milioni 12 hivi, lakini ukimtema kufikia Januari 7, unalipa nusu tu. Bulls wakamchukua, wakamtema, wakaepuka kodi.

Kwa lugha ya huku kwetu: una ng'ombe anakamuliwa vizuri, lakini majani yamekuwa ghali. Jirani anamchukua, anakupa ng'ombe hana maziwa, na ahadi ya ndama siku moja. Huyo mkavu unamtoa boma siku hiyo hiyo. Hujapata maziwa, lakini bili ya majani imeshuka.

Je, Bulls walikosea? Wanaowatetea wako na pointi. Derrick Rose alikuwa ameumia goti Novemba 2013, msimu ulionekana umeenda, na mkataba wa Deng ulikuwa unaisha miezi michache mbele. Angeweza kuondoka bure. Tena baada ya yeye kwenda, timu ilimaliza na ushindi 48. Cleveland nao hawakufika hata mchujo, na msimu ukiisha Deng akahamia Miami.

Lakini ngoja uone ile ndama. Nafasi kubwa waliyoahidiwa ilikuwa ya Sacramento, na ilikuwa na masharti. Masharti hayakutimia, ikashuka mpaka namba 38 mwaka 2017. Bulls wakamchagua Jordan Bell, wakamuuza kwa Golden State kwa dola milioni 3.5. Mwaka uliofuata Bell akabeba ubingwa na Golden State.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: kwa vitabu vya hesabu Bulls walishinda, kwa uwanja walipeana All-Star wakabaki na risiti. Na katika hayo yote, hakuna mtu alihitaji ruhusa ya Deng. Miaka karibu 10 ya jasho, na anahamishwa katikati ya msimu.

Hii ndiyo sehemu inafaa ikuguse wewe unayerusha mpira kwa ringi ya shule jioni. Kipaji chako kikianza kuitwa mkataba, kuna mtu mahali anahesabu tarehe. Soma mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kusaini.

Deng mwenyewe hakubaki akilia. Alikuja kuwa rais wa shirikisho la basketi la Sudan Kusini, na vijana wake wakafika Olimpiki ya Paris 2024. Pale, hakuna mtu angemtredi.

Haya, ungekuwa bosi wa Bulls, ungefanyaje?