Udugu na Ujirani wa Lugha: Kiyoruba Kikitazamwa kutoka Angurai

Katika Angurai, kaskazini ya Malaba, Mteso na Mbukusu huuziana mahindi, huoana, na watoto wao husoma darasa moja. Ni rahisi kudhani kwamba lugha zao nazo ni ndugu. Sivyo. Ndugu wa Kibukusu ni Kiyoruba, kisemwacho Nigeria na Benin, zaidi ya kilomita 3,000 upande wa magharibi. Baina ya Kibukusu na Kiteso hakuna udugu uliothibitishwa.

Uainishaji unaofuatwa na wengi ni ule wa Joseph Greenberg wa mwaka 1963, uliojengwa juu ya kazi ya Diedrich Westermann. Greenberg aliziweka lugha za Kibantu katika tawi la Benue-Kongo, ndani ya ukoo wa Niger-Kongo. Malcolm Guthrie hakukubali. Kwake yeye kitovu cha Kibantu kilikuwa kusini ya msitu wa Kongo. Siku hizi walio wengi hukiona kitovu hicho mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Kiyoruba chenyewe Greenberg alikiweka katika tawi la Kwa, lakini tangu makala ya Bennett na Sterk ya mwaka 1977 wataalamu wengi wamekisogeza upande wa Benue-Kongo, yaani karibu zaidi na Kibantu.

Ushahidi hutafutwa katika msamiati wa msingi. “Tatu” kwa Kiyoruba ni ẹta, kwa Kibukusu -taru. “Sikio” ni etí. Kiganda husema okutu. Kitenzi cha “kufa” ni kú, na mzizi wa Mame-Bantu ni *-ku-, ambao sauti yake ya kwanza imegeuka f katika Kiswahili na katika Kibukusu khufwa. Maneno matatu hayathibitishi ukoo. Yanaonyesha tu namna ya kulinganisha. Wala si kila mfanano ni udugu. Àlàáfíà ya Kiyoruba na “afya” ya Kiswahili zafanana kwa sababu zote mbili zimetoka katika Kiarabu.

Kiteso kina jamaa zake wengine. “Tatu” ni iuni, Kiturkana ngauni, Kimaasai uni: hizi ni lugha za Kiniloti cha Mashariki. Kwa hakika eneo hili ni hazina kwa mwanaisimu, kwani Kisabaoti cha Mlima Elgon ni Kiniloti cha Kusini, na Kipadhola cha Tororo, ng’ambo ya mpaka, ni cha Magharibi. Matawi yote matatu ya Kiniloti yamekutana hapa, na Wabantu wamo katikati yao. Greenberg aliutia Uniloti katika ukoo wa Nilo-Sahara, ukoo ambao umoja wake ungali unabishaniwa.

Hata hivyo, udugu si sawa na mfanano wa sarufi, na hapa ndipo walimu wengi hupotoka. Kiyoruba kimepoteza mfumo hai wa ngeli: wingi huonyeshwa kwa neno àwọn, na nomino yenyewe haibadiliki. Kiteso, kisicho ndugu, kina viambishi vya awali: Etesot ni mwanamume, Atesot mwanamke, Iteso ni watu wengi. Msikilizaji wa haraka angeweza kuvidhania kuwa ngeli za Kibantu, kumbe msingi wake ni jinsia: e- ya kiume, a- ya kike, na i- isiyo ya upande wowote.

Basi mwalimu wa Kiswahili huko Angurai afundishapo “kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika”, mtoto wa Kibukusu anaukuta upatanisho aliokwisha kuuzoea nyumbani. Mtoto wa Kiteso anajua upatanisho wa jinsia, si huu. Akisema “kikombe amevunjika”, kosa hilo lina sababu katika lugha yake, na adhabu haitaliondoa. Myoruba mtu mzima ajifunzaye Kiswahili hutatizika papo hapo, ingawa lugha yake ni ndugu ya Kiswahili.