KIINUA MGONGO NA GARI LA KUTEMBELEA: MAFUNZO KUTOKA UINGEREZA

Mfanyakazi aliyetumika miaka mingi, kisha akapunguzwa si kwa kosa lake bali kwa sababu kazi yenyewe imekwisha, hupata vitu viwili ambavyo hakuwa navyo pamoja hapo kabla: fedha nyingi kwa mara moja, na wakati usio na kengele. Huko Uingereza baadhi ya watu waliofikia hali hiyo, hasa wale waliokwisha kulea watoto wao, hununua gari lenye nyumba ndani yake, yaani gari lenye vitanda, jiko, tangi la maji na choo, wakaenda kutembea nchi.

Jambo hilo laweza kuonekana kuwa mbali na shughuli za chama cha msingi. Lakini swali lililomo ni lile lile linalofika mezani kwa makatibu wa vyama vya akiba na mikopo kila mara kiwanda au shirika linapopunguza watu: fedha ya mara moja itumiwe vipi ili isimwachie mwenyewe majuto?

Malipo Yenyewe

Sheria ya malipo ya kupunguzwa kazini ilipitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1965. Kwa utaratibu wake, mfanyakazi sharti awe amemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 2 mfululizo. Kwa kila mwaka mzima aliotumika akiwa na umri usiofika miaka 22 hulipwa mshahara wa nusu juma. Kati ya miaka 22 na 40, mshahara wa juma moja. Na tangu miaka 41, mshahara wa juma moja na nusu. Miaka inayohesabiwa haizidi 20, na mshahara wa juma unaotumiwa katika hesabu umewekewa kikomo. Kikomo hicho kilikuwa pauni 719 kuanzia Aprili 2025.

Tuseme mtu amepunguzwa akiwa na umri wa miaka 55 baada ya kutumika miaka 20. Miaka 6 ya kwanza humpa majuma 6, na miaka 14 iliyofuata humpa majuma 21. Jumla ni majuma 27. Kwa kikomo cha mwaka 2025, malipo hayo hayazidi pauni 19,413. Baadhi ya waajiri huongeza kwa mapatano, na kwa kawaida pauni 30,000 za kwanza za malipo ya namna hii hazitozwi kodi ya mapato. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kiwango cha sheria kwa miaka 20 ya jasho ni mshahara wa nusu mwaka na siku chache tu. Fedha hiyo huonekana kubwa kwa sababu imekuja kwa pamoja.

Kwetu Afrika ya Mashariki hesabu ni tofauti, lakini maana ni moja. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, miaka isiyozidi 10. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 iliweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kwa mfanyakazi aliyepunguzwa.

Kutenga Kabla ya Kununua

Mnunuzi mwenye busara hugawa fedha zake kabla hajakanyaga uwanja wa muuzaji. Fungu la kwanza ni la madeni. La pili ni la chakula, kodi na matibabu kwa miezi ambayo huenda ikapita kabla ya kupata kazi nyingine. Kinachobaki ndicho chaweza kuitwa fedha ya gari, na hata hicho hakipasi kumalizwa kwa bei ya kununulia, kwa maana bima, ushuru wa barabara, mafuta na matengenezo yanangoja nje.

Kuna jambo jingine. Huko Uingereza, mtu mwenye akiba inayozidi pauni 16,000 hastahili msaada mkuu wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Na akinunua gari kwa kusudi la kupunguza akiba ili apate msaada huo, wakuu waweza kumhesabia fedha hiyo kana kwamba bado anayo.

Makatibu wanaoandika vitabu vya hesabu wanajua maana ya uchakavu. Gari jipya hupoteza sehemu ya thamani yake tangu siku linapotoka dukani. Kwa hiyo wengi huchagua lililokwisha kutumika. Wapo pia wanaokodi gari la namna hiyo kwa juma moja kwanza, ili mume na mke wajue kama wanaweza kuishi katika chumba kisichozidi hatua chache. Gharama ya kukodi ni ndogo kuliko hasara ya kuuza gari lililonunuliwa kwa pupa.

Leseni na Uzito

Mwingereza aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 aliruhusiwa kuendesha gari la uzito wa hadi kilo 7,500. Aliyefaulu tangu siku hiyo, kwa leseni ya kawaida, huishia kilo 3,500 kwa gari la mafuta. Tena, afikapo miaka 70, yule wa kwanza hupoteza haki ya magari makubwa asipoleta cheti cha daktari. Mtu wa miaka 66 anayenunua gari zito hana budi kulikumbuka jambo hilo.

Uzito unaotajwa ni wa gari pamoja na vyote vilivyomo. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Tuseme gari limeruhusiwa kilo 3,500, nalo pamoja na dereva na mafuta lina kilo 3,100. Nafasi iliyobaki ni kilo 400. Abiria mmoja, kilo 75. Maji lita 100, kilo 100. Mitungi ya gesi, kilo 40. Turubai la kivuli, kilo 30. Baiskeli mbili, kilo 35. Chakula, vyombo, nguo na matandiko, kilo 150. Jumla ni kilo 430. Gari limezidi kilo 30, na hata kiti cha kukalia nje bado hakijapakiwa. Mwenye gari aweza kutozwa faini, na breki na matairi hubeba mzigo yasiouweza.

Ukaguzi

Adui mkubwa wa gari la namna hii ni maji ya mvua. Kuta nyingi zimeungwa kwa vipande, na maungio yakilegea, maji hupenya yakaozesha mbao za ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Mkaguzi hupima unyevu kwa chombo maalumu katika pembe zote, kando ya madirisha na chini ya matundu ya paa. Asiye na chombo hubonyeza ukuta kwa kidole, hukanyaga sakafu kutafuta mahali palipolainika, na hunusa makabati. Harufu ya ukungu haifichiki kwa manukato.

Matairi nayo yana habari yake. Gari la kutembelea hukaa muda mrefu bila kwenda, hivyo tairi laweza kuwa na kashata nzima na bado likawa limezeeka. Ubavuni mwake pana tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Jambo hili lawafaa pia vyama vyenye malori ya kubebea mazao.

Kuhusu gesi, butani huacha kugeuka mvuke joto lishukapo kufikia nyuzi sifuri hivi, lakini propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Anayesafiri wakati wa baridi huchukua propani, au ataamka na mtungi uliojaa na jiko lisilowaka.

Mwisho ni karatasi. Kadi ya gari ya Uingereza humtaja mtunzaji aliyeandikishwa, na yenyewe hueleza kwamba si hati ya umiliki. Gari lililonunuliwa kwa malipo ya mafungu hubaki mali ya kampuni iliyokopesha mpaka fungu la mwisho lilipwe. Anayenunua bila kuulizia deni aweza kuingia katika mgogoro mrefu.

Mahali pa Kulala na Nguvu ya Umoja

Huko Uingereza hakuna haki ya jumla ya kulala katika gari popote mtu apendapo; ruhusa ya mwenye ardhi yahitajika. Ng'ambo ya bahari, tangu tarehe 1 Januari 2021 Mwingereza aweza kukaa siku 90 tu katika kila siku 180 ndani ya nchi za Ulaya zilizoungana katika mkataba wa Schengen.

Katika shida hii ya mahali, umoja umewasaidia wasafiri. Jumuiya moja yao ilianzishwa mwaka 1901, na nyingine mwaka 1907. Sheria ya mwaka 1960 ilizipa jumuiya zilizokubaliwa mamlaka ya kutoa vyeti kwa viwanja vidogo visivyozidi magari 5 kwa ajili ya wanachama. Mkulima hupata kipato kidogo kutoka shamba lake, na mwanachama hupata mahali pa kulala kwa bei nafuu.

Yanayowahusu Makatibu

Mwanachama aliyepunguzwa kazini anapokuja kutaka kutoa akiba yake yote, akiwa na nia ya kununua basi dogo, mashine ya kusaga au kitu kinginecho, katibu hana mamlaka ya kumzuia. Lakini ana wajibu wa kumkalisha na karatasi na kalamu, waandike pamoja mambo manne: madeni, matumizi ya miezi ijayo, bei ya kitu, na gharama za kukitunza kila mwezi. Hesabu ikikubali, anunue kwa moyo mweupe, kwani fedha ni yake na jasho lilikuwa lake. Ikikataa, amejua kabla fedha haijatoka mkononi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.