Beste amekuweka dairekta? Soma hii kwanza

Cheki, beste yako amefungua kampuni kwa eCitizen, nyinyi ni wa kuprint T-shirt pale Kawangware, na akakuandikisha dairekta "ndio form ijae tu." Saini umeweka, vitabu hujawahi ona. Manze, kwa sheria hakuna dairekta wa kujaza form.

Wakubwa walishachomekea hapo. Chase Bank ilikuwa na makao Riverside, Westlands. Mwisho wa Machi 2016 ikatangaza hesabu za 2015. Siku chache tu, Aprili 6, ikatoa zingine za mwaka ule ule: mikopo ya watu wa ndani, yaani madairekta, wafanyikazi na watu wao, ilipanda ikawa bilioni 13.6! Wakaguzi wa hesabu nao hawakupiga muhuri safi. WhatsApp ikawaka, wateja wakakimbilia doh yao, na Aprili 7 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu. Wasee walilala na rent kwa akaunti, wakaamka milango imefungwa. Ilifunguliwa wiki tatu hivi baadaye, lakini mwenye akaunti hangetoa zaidi ya milioni moja.

Yaani namba za karatasi tu ziliangusha benki nzima. Na namba hizo huidhinishwa na madairekta, si mhasibu peke yake.

Sasa rudi kwa T-shirt zenu. Sheria ya Kampuni ya 2015 inawataka muweke rekodi zinazoonyesha pesa zimeingia wapi na zimetoka wapi, na kila mwaka mtengeneze hesabu zinazoonyesha hali halisi ya kampuni. Bodi inazipitisha, dairekta anasaini. Kuna pia ripoti ya kila mwaka kwa Msajili wa Kampuni, hata kama hamkuuza kitu, na KRA ako pale anangoja yake. Mkizembea, faini inaweza kuangukia kampuni na wewe pia. "Sikujua, beste ndiye alikuwa anashika M-Pesa" haikuokoi, juu sheria inakupima na vile mtu makini angefanya kwa kiti chako.

Good news ni kwamba ukiwa dairekta uko na haki ya kucheki vitabu. Itisha statement ya till na ya benki wiki hii. Akianza kuzungusha, toa barua ya kujiuzulu, na uhakikishe Msajili amepata notisi. Halafu lipia CR12 kwa eCitizen uone kama jina lako bado liko.