Shule Zikifungwa Ghafla, Mtoto Arudi Vipi Darasani?

Wakaazi wa Kajiado wamezoea kuona kalenda ya shule ikivurugika. Machi 2020, korona ilifunga shule zote nchini. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea Oktoba 12. Wengine walingoja hadi Januari 4, 2021. Kisha ukame ulizilazimu familia nyingi za wafugaji kuhama na mifugo. Aprili 2024, mafuriko yalikumba Kitengela, na ufunguzi wa muhula wa pili kote nchini ukasogezwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 13.

Milango ya shule hufunguliwa tena, lakini si kila mtoto hurudi. Kuna aliyezoea kibarua, aliyepata mimba, na ambaye sare yake ilisombwa na maji. Kwa hivyo, kuwa na mtazamo mwema si kusema tu "yatapita". Ni kujiandaa mapema kwa siku ya kurudi. Mzazi, zingatia haya:

1. Shule ikifungwa, tenga saa za kusoma kila siku. Mkubwa amsomee mdogo.

2. Kama huna karo au sare, muone mwalimu mkuu kabla ya siku ya kufungua. Usimfungie mtoto nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi kumpeleka mtoto shuleni.

3. Mkihama na mifugo, mjulishe mwalimu, kisha uliza nafasi katika shule iliyo karibu na malisho.

4. Msichana aliyejifungua ana nafasi ya kuendelea na masomo. Mwongozo wa kitaifa wa 2020 unaitaka shule impokee.

5. Mtoto akinyamaza sana au kuogopa mvua baada ya mafuriko, mwambie mwalimu wake. Usimkaripie.

Je, umwone nani? Kwa mujibu wa Katiba, Serikali ya Kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Fika katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako.

Ukijua mtoto anayeozwa au kuteswa, mwarifu chifu au piga simu 116, bila malipo.