Ikonge: Akiba Iliyo Mikononi mwa Jirani

Nyumba ya udongo haina risiti. Huko Ikonge, soko la Mugirango Kaskazini katika kaunti ya Nyamira, mtu akitaka kujenga nyumba ya namna hiyo hukata miti yake mwenyewe mpakani mwa shamba, huchimba udongo pale pale uwanjani, kisha huwatajia majirani siku. Wanaume husimamisha nguzo na kufunga fito. Watoto huteka maji. Wanawake huukanyaga udongo mpaka ushikane, huujaza ukutani, na ukishakauka hurudi siku nyingine kusiriba kwa udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Mwenye nyumba atanunua misumari, mabati na mlango. Yaliyobaki, nayo ndiyo mengi, hulipwa kwa uji, chai na ahadi isiyoandikwa popote: umekuja kwangu leo, nitakuja kwako kesho.

Siku hizi mabingwa wa kubana matumizi ni wengi. Paka rangi nyumba yako mwenyewe, wanasema, jitengenezee bomba mwenyewe, usimwite fundi. Ushauri si mbaya, ila nauona nusu. Mtu aliye peke yake huokoa ujira wa fundi akapoteza wiki nzima, na pengine bomba likavuja vile vile. Abagusii, wenyeji wa huku, walikuwa wameshalipigia hesabu jambo hili kabla ya shilingi kufika kwao. Fedha haiokolewi na mkono mmoja.

Kikundi cha kazi za zamu huitwa egesangio. Ni majirani wachache, mara nyingi wanawake, wanaolima au kupalilia shamba la huyu leo na la yule siku ifuatayo, hadi mzunguko utimie. Risaga ni kubwa zaidi: mwenye kazi huwaalika watu wa kijiji kwa siku moja, nao hula na kunywa kwake. Watafiti Robert LeVine na mkewe wa wakati huo, Barbara, walioishi Ugusii kati ya 1955 na 1957 wakichunguza malezi na maisha ya nyumbani, walivieleza vikundi hivi katika kitabu chao kilichotoka 1966. Zamani kinywaji cha risaga kilikuwa pombe ya wimbi. Kisha Waadventista walifika Ugusii mwanzoni mwa miaka ya 1910 wakaweka makao Nyanchwa, na imani yao ikaenea mno huko Nyamira. Pombe ikaondoka katika maboma mengi, uji na chai vikachukua nafasi yake, kazi ikaendelea. Kalenda nayo ikapata umbo jipya: Ijumaa mchana ni kupika, kuteka maji na kupasua kuni, maana Jumamosi, Sabato yao, jembe haliguswi. Sijui somo la kupanga mambo mapema lililo kali kuliko hilo, na halilipiwi karo.

Tukiingia ndani ya boma tunakuta hesabu nyingine, ya kale na makini kuliko wengi wanavyodhani. Katika mila ya Abagusii kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake, ekiage. Mume alijitengea kipande chake, emonga, ambacho mazao yake hayakuchanganywa na ya wake. Ng'ombe wa mahari ya binti walikuwa mali ya nyumba ya mama yake, nao kwa kawaida walitumika kumwolea mke kaka yake wa tumbo moja. Mume akiwachukua ng'ombe hao na kuwapeleka nyumba nyingine, lilikuwa deni, na deni hilo lilikumbukwa hata na vizazi vilivyofuata. Tuseme kila nyumba ilikuwa na daftari lake vichwani mwa watu. Mfumo huo ulizaa ugomvi mwingi baina ya wake wenza, sikatai. Lakini ulimfanya mwanamke ajue kwa hakika alicho nacho, kilichopo ghalani na kitakachofikisha watoto kwenye mavuno. Ndoa za wake wengi zimepungua, hata hivyo tabia ya mama kuwa na kipande chake cha mboga na kibubu chake ambacho baba haulizi imebaki.

Ghala hilo lilifaa kwa sababu ya kilichowekwa ndani yake. Wimbi, chakula cha asili cha Abagusii, likikaushwa vizuri hukaa miaka bila kuliwa na wadudu. Mahindi yalipochukua mashamba katika karne iliyopita yalileta mavuno makubwa na kazi nyepesi zaidi, kwa kuwa palizi ya wimbi huvunja mgongo. Lakini yalileta pia dumuzi, dawa ya kununua na magunia ya kununua. Familia nyingi huuza mahindi yakiwa rahisi kwa kuogopa yatatobolewa, kisha huyanunua ghali miezi ya njaa. Hapo ndipo naona bibi zetu walikuwa wachumi. Obokima, yaani ugali, wa wimbi, uliopakuliwa katika ekee, kile kikapu kilichosukwa kwa mabua ya wimbi lenyewe, ulikuwa chakula na sahani kutoka shamba moja.

Mboga nazo. Chinsaga hupandwa nyuma ya jiko penye samadi na majivu, huchumwa, huchemshwa muda mrefu ili uchungu upungue, kisha hutiwa maziwa. Sufuria moja au nyungu moja huliwa siku kadhaa, ikichemshwa tena na kuongezwa maziwa, na wapenzi wa chinsaga watakuapia kwamba ya siku ya tatu ndiyo tamu. Mama aliyejifungua hupewa kwa wingi. Mbegu hazinunuliwi: mimea michache huachwa izae, vitumba vikikauka hukung'utwa, mbegu huhifadhiwa hadi mvua nyingine. Cha kuchekesha ni kwamba mboga hii ambayo vijana waliiona chakula cha wasio na pesa sasa husafirishwa usiku hadi Nairobi na kuuzwa huko kwa mafungu.

Haya yote hufanyika kwenye vipande vidogo sana vya ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti ya Nyamira, yaani takriban 675 kwa kila kilomita ya mraba, na baba hugawa shamba kwa wanawe mpaka kinachobaki ni ukanda wa kushuka mtoni. Ndiyo maana hakuna kinachotupwa. Nyasi za kulisha ng'ombe hupandwa kwenye kingo za matuta, zikashika udongo huku zikinenepesha ng'ombe wa zizini. Gogo la mgomba uliovunwa ndizi hukatwakatwa likawa lishe. Samadi hurudi migombani. Michai ikipogolewa, matawi hubebwa kuwa kuni, ingawa wataalamu wa chai hushauri yaachwe chini yarutubishe udongo. Mama asiye na kuni za jioni hatamsikiliza mtaalamu, nami simlaumu. Hapa akiba ya jikoni inakopa kutoka shambani, na mbolea itakayonunuliwa baadaye ndiyo riba yake.

Nyumba za udongo zenyewe zinapungua. Anayeweza hufyatua matofali kwenye shamba lake, hupanga tanuru na kuyachoma kwa mikaratusi yake, kisha hujenga chumba kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu. Paa la mabati hufungwa mfereji wa kupeleka maji kwenye tangi au pipa, na kwa mvua za milima hii safari nyingi za mtoni huisha.

Kisha kuna vyama vya akina mama. Wengine huchanga na kumpa mmoja kwa zamu. Wengine hukopeshana mezani siku ya mkutano. Vyama vingi vimenunua pia sufuria kubwa, sahani, vikombe, viti, hata hema, vinavyotumiwa bure na mwanachama na kukodishwa kwa mgeni. Huu ni egesangio ule ule, ila badala ya majembe kuna vyombo. Mwanamke anayeweza kulisha wageni mia bila kukodi kijiko ana utajiri ambao hauonekani benki.

Nami nasema wazi: akiba ya Ikonge haivujii jikoni, inavujia matangani. Zamani, kabla ya mochari, maiti haikukaa siku nyingi. Siku hizi husubiri jamaa wa Nairobi na wa ng'ambo, na kila siku ya kusubiri ina malipo yake. Kisha huja jeneza la fahari, magari, vipaza sauti, programu yenye picha za rangi, ng'ombe na magunia ya mchele. Familia iliyopima sukari kwa kijiko mwaka mzima hukodisha majani chai yake kwa mwenye fedha, kwa miaka kadhaa, ili ilipe gharama za wiki mbili. Bonasi ya kiwanda cha chai inapofika, huwa imeshakopewa. Anayeondoka na mavuno ya shamba hilo ni mkodishwaji, huku watoto wa marehemu wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Ajabu ni kwamba kazi ngumu zaidi ya mazishi bado haina bei. Kaburi huchimbwa na vijana wa jirani bila kudai senti, kuni huletwa, maji huletwa, wanawake hupika usiku kucha. Moyo wa egesangio upo pale pale kando ya hema la kukodi. Kinachokosekana ni mtu wa kusema inatosha bila kuitwa bahili, na mfiwa hawezi kuwa mtu huyo. Wazee wa ukoo na wazee wa kanisa wanaweza. Nawaomba basi walitangaze kwa pamoja, kabla msiba mwingine haujabisha hodi: marehemu azikwe ndani ya wiki moja, na kisikodiwe chombo chochote ambacho chama cha akina mama wa hapo kinacho.