Karafuu ina nini ndani yake?

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, harufu humpokea mgeni kabla hajauona mkarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kitovu cha zao hilo. Wachumaji hupanda mtini na kuvunja vishada kabla maua hayajachanua. Jioni watu hukaa jamvini kuchambua, karafuu huku, vijiti vyake, yaani makonyo, kule. Kisha jua hufanya kazi yake kwa siku kadhaa, mpaka kile kilichokuwa kijani chenye wekundu kiwe kahawia iliyokoza, kikavu, kinachovunjika kwa mlio.

Haraka ya kuwahi ua lingali limefumba ina sababu. Hapo ndipo mafuta yamejaa: karafuu nzuri iliyokauka huwa na mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali moja, eujenoli.

Hiyo ndiyo inayotia ganzi. Bibi anayemwambia mjukuu aibane karafuu kwenye jino linalouma anatumia dawa ile ile ambayo daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Mchanganyiko huo umekuwa mezani kwa madaktari wa meno tangu karne ya 19. Hapa ujuzi wa nyumbani na wa hospitali unakubaliana kabisa, na heshima hiyo karafuu inaistahili.

Siku hizi, hata hivyo, inanadiwa kwa sifa nyingine: ina antioksidanti nyingi, kwa hiyo eti inasafisha damu, inazuia saratani na kurudisha ujana. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Norway na wenzao walichapisha vipimo vya vyakula zaidi ya 3,100, na karafuu kavu ikaongoza viungo vyote kwa wastani wa milimoli 277 za antioksidanti kwa kila gramu 100.

Namna ya kupima yenyewe inapendeza kuitazama. Maji yaliyolowekwa kiungo hutiwa kwenye mchanganyiko wenye madini ya chuma. Kadiri kiungo kinavyotoa elektroni, ndivyo mchanganyiko unavyogeuka buluu. Kutoa huko ndiyo kazi ya antioksidanti: radikali huru, yaani molekuli iliyopungukiwa elektroni, humpokonya jirani yake, naye jirani humpokonya mwingine. Eujenoli huipa radikali hiyo atomu ya haidrojeni, yenyewe ikabaki tulivu kiasi, na mlolongo ukakatika. Ndivyo inavyoweza kuchelewesha mafuta ya chakula kuchacha.

Kutoka hapo hadi kuponya saratani ni mbali mno. Kwanza, hakuna anayekula gramu 100 za karafuu. Sufuria ya pilau hutiwa chembe chache tu. Pili, eujenoli ikimezwa mwili huibadilisha upesi na kuitoa kwa mkojo. Tena antioksidanti kwa wingi si salama daima: utafiti uliofanyika Finland kwa wanaume wavutaji sigara 29,133, ukachapishwa mwaka 1994, uligundua kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa, ongezeko la asilimia 18. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake jedwali la nguvu za antioksidanti za vyakula, kwa kuwa wauzaji wa virutubisho walikuwa wakilitumia vibaya.

Anayemwahidi mgonjwa wa saratani uponyaji kwa chupa ya mafuta ya karafuu anamchelewesha kufika hospitali, na hilo ni dhuluma. Mafuta hayo yenyewe yana ukali wake. Wapo watoto wadogo waliomeza kiasi kidogo tu wakapata degedege na kuharibika ini, wakalazwa mahututi. Kwa jino, pamba iliyoguswa mafuta kidogo hutosha. Chupa irudishwe juu, mahali mtoto hafiki.